Bastola ya kumshtukiza dada

"Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu wa kike, miaka 29, anaishi peke yake tangu waachane na mumewe. Mwezi uliopita wezi walimvunjia mlango akiwa kazini. Nataka kumnunulia bastola, nimshtukize nayo siku yake ya kuzaliwa. Nimeona moja ndogo, nyepesi, inaingia hata kwenye mkoba. Je, inamfaa mwanamke ambaye hajawahi kushika silaha? Naona bora awe nayo, maana siku hizi hali chakula, halali usingizi, na kila nikimpigia simu analia tu. Ni mimi, Kaka Mwenye Wasiwasi."

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale mwisho. Hali, halali, analia. Hayo umeyasema kwa kupitia tu, kisha ukaniuliza habari ya mkoba!

Kwa hali hiyo usimpelekee bastola yoyote, ndogo wala kubwa. Nchini Marekani, ambako bunduki zimejaa majumbani, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi wamejiua wenyewe. Hamu ya kujiua mara nyingi humjia mtu kwa ghafla, ikapanda, kisha ikashuka, na wengi waliovushwa saa ile mbaya wameendelea kuishi. Silaha iliyo kando ya kitanda haimpi mtu muda wa kuvuka.

Sisemi kwamba dada yako anawaza hayo. Mimi simjui, na wewe unayemjua hujamuuliza. Nenda kwake, kaa naye, umuulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Usiogope kwamba utampandikizia wazo. Swali hilo humpa mtu nafasi ya kutua mzigo. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyohiyo mfike kwa daktari. Hata akijibu hapana, mtu asiyekula wala kulala anahitaji kuonwa.

Tuje kwa wezi. Umesema walikuja akiwa kazini. Sasa hiyo bastola ingewazuia vipi? Wangeikuta ndani wakaondoka nayo. Mlango imara, kitasa kipya, taa ya nje na jirani mwenye namba yake ya simu vitamsaidia kuanzia usiku wa leo.

Akishapona, na akitaka silaha kwa kinywa chake mwenyewe, hapo tunaweza kuzungumza. Ila si zawadi ya kushtukiza. Katika nchi nyingi kibali hutolewa kwa jina la mmiliki, naye huchunguzwa yeye. Kumnunulia mtu kimyakimya kunaweza kukuingiza matatani.

Na hiyo ndogo nyepesi unayoisifia, wauzaji hupenda kuwasukumia wanawake. Marehemu mume wangu aliwahi kuninunulia viatu kwa kukisia; vilikuwa vizuri sana, nikavigawa. Bastola ni hivyohivyo, ila hii inaua. Kwa risasi ileile, bastola nyepesi huruka mkononi kuliko nzito. Mtutu wake mfupi hufanya kosa dogo la kulenga liwe kubwa kule risasi inakofika, na kishikio hakitoshi vidole. Anayeanza hufyatua mara mbili tatu, huumia kiganja, kisha huanza kufumba macho kabla ya mlio. Nyingine huwa na springi ngumu, kuikoki tu, yaani kuvuta sehemu ya juu ili risasi iingie, ni kazi. Wakufunzi wengi humwanzisha mgeni na silaha ya risasi ndogo za .22, ambazo hazina kishindo kikubwa, hadi mkono uzoee.

Mahali pa kuiweka papatikane kabla ya silaha yenyewe: kasha la chuma lenye kufuli, na risasi zifungiwe kwingine. Kuificha chini ya mto au juu ya kabati si kuitunza, maana watoto wa ndugu wakija wikendi hupekua kila kitu.

Basi siku hiyo ikifika, mpeleke kwenye uwanja wa shabaha wenye mkufunzi. Ashike tatu nne, azikoki, afyatue, achague mwenyewe au aseme hataki hata moja. Vikinga masikio na miwani ni lazima kwenu nyote, kwani mlio wa bastola hupita desibeli 140. Wewe simama nyuma, ziba masikio, na mdomo uzibe pia.