Maswali na Majibu: Prosesa ya lugha ya juu, tuanze na ipi?

SWALI: Verilog, lugha ya kueleza saketi, naifahamu na nina bodi ya FPGA, chipu inayopangwa upya iwe saketi unayotaka. Nataka kuunda prosesa itakayoendesha lugha ya juu bila kompaila (programu ya kutafsiri lugha kuwa amri za mashine) nzito katikati. Nianze na lugha ya Lisp?

JIBU: Lisp iache kwanza, anza na Forth, lugha inayofanya kazi kwa staki, yaani rundo ambalo kilichowekwa mwisho hutolewa kwanza. Maneno yake ya msingi yanaweza kuwa ndiyo amri zenyewe za mashine, hivyo kompaila hubaki na kazi ya kutafuta neno kwenye kamusi na kuandika amri yake. Isome J1 ya James Bowman: ni prosesa ya biti 16, na Verilog yake haifiki mistari 200.

Amri igawanywe hivi. Biti ya juu ikiwa 1, zile 15 zilizobaki ni namba ya kusukumwa kwenye staki. Ikiwa 0, biti mbili zinazofuata huonyesha kama ni kuruka, kuruka kwa sharti, kuita au hesabu. Anwani huchukua biti 13. Kwenye amri ya hesabu tenga biti moja ya kurudi pale ulipoitwa, ili kujumlisha na kurudi kumalizike kwa mpigo mmoja wa saa.

Staki ziwe mbili, ya data na ya anwani za kurudi, kila moja nafasi 32. Thamani ya juu ya staki ya data ikae kwenye rejista yake, hifadhi ndogo ndani ya prosesa.

Wengi hukwama kwenye kumbukumbu. BRAM, vitalu vya kumbukumbu vilivyo ndani ya FPGA, hutoa data mpigo mmoja baada ya kupewa anwani, kwa hiyo staki iliyowekwa humo itakupa thamani iliyopitwa. Ijenge kwa RAM ya LUT (majedwali madogo ya mantiki ya FPGA), inayosomeka papo hapo. Programu yenyewe inaweza kukaa BRAM, mradi uipe anwani ya amri ijayo, siyo ya sasa.

Kosa jingine halipigi kelele: kielekezi cha staki, yaani namba ya nafasi yake ya juu, kikiwa cha biti 5 na kupita 31 hurudi 0 na kufuta thamani za chini. Wakati wa kujaribu kwenye simuleta, ongeza biti ya sita na usimamishe kila kitu ikigeuka 1. Itanasa hata staki inayotolewa ikiwa tupu.

SWALI: Nikifika Lisp, kinaongezeka nini?

JIBU: Lebo za aina ya data, yaani biti zinazosema kama neno ni namba au kitu kingine. Symbolics 3600, kompyuta ya Lisp, ilitumia maneno ya biti 36, na ilikagua lebo huku ikijumlisha; zisipolingana na namba, jibu hutupwa na kazi hukabidhiwa utaratibu mwingine. Hilo ni jepesi. Kizito ni kukusanya takataka, yaani kufuta vitu visivyotumika tena kwenye kumbukumbu: kila mahali panapoweza kushika kielekezi (hapa, anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) lazima mkusanyaji apakague, hata ile rejista ya juu ya staki. Ukiiruka, kitu kinachotumika kitafutwa, na hitilafu itajitokeza mbali kabisa na chanzo chake.