Usikubali kabla hujalichomeka

Kaka, hilo la kubadilishana kinanda chako na gitaa la Yamaha APX500 lililotumika (la akustika, ila huchomekwa pia kwenye amplifaya), mimi ningeanza na shingo. Nyuzi zikipita juu ya freti ya 12 (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingoni) kwa zaidi ya milimita 3, vidole vitakuuma, na huenda shingo imepinda. Kisha tazama daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi juu ya mwili wa gitaa: joto na unyevu wa pwani huligandua taratibu, na karatasi ikipenya chini yake, achana na gitaa hilo. Halafu weka betri mpya, lichomeke kwenye amplifaya, piga uzi mmoja mmoja. Uzi ukisikika hafifu kuliko wenzake, pikapu, kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi, haijakaa sawa. Mwenye gitaa akikataa kulichomeka, usibadilishane kabisa. Likiwa halina kasoro hizo, chukua, ila kwa kinanda kizuri kama chako mwambie aongeze na pesa kidogo.