Kipimo cha ini kimepanda: niache dawa ya kolesteroli?

SWALI: Daktari, nina miaka 52 na natumia atorvastatini miligramu 20, huu mwezi wa nne. ALT yangu (kimeng’enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) imetoka 68, na maabara wameandika mwisho ni 40. Nimeogopa nikaacha dawa. Rafiki amenipa mitishamba ya kusafisha ini. Je, niwe napima kila mwezi?

JIBU: Hiyo 68 haijafika hata mara mbili ya kikomo. Tunaanza kufikiria kusimamisha statini (kundi la dawa yako) ALT ikizidi mara tatu, yaani 120 kwa maabara yako, na hata hapo tunarudia kipimo kwanza. Zungumza na daktari wako wiki hii kuhusu kurudia dawa, maana moyo na mishipa yako sasa havina kinga uliyoianza. Muulize pia ALT ilikuwa ngapi kabla hujaanza. Huenda ilikuwa juu tangu zamani kwa sababu ya mafuta kwenye ini, jambo la kawaida kwa wenye kolesteroli nyingi, na mafuta hayo pekee hayamzuii mtu kutumia statini. Mazoezi mazito siku chache kabla ya kipimo nayo huipandisha, kwa kuwa ALT hutoka kwenye misuli pia.

Kupima kila mwezi, hapana. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliondoa ushauri wa kupima ini mara kwa mara kwa watumiaji wa statini, kwa sababu madhara makubwa ni nadra sana na vipimo hivyo havikuwa vikiyawahi. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi, au ukachoka kupita kiasi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kinachonikera ni hiyo ya “kusafisha ini”. Ini halihitaji kusafishwa. Lenyewe ndilo linalosafisha damu, na kila unachomeza lazima likishughulikie. Watu wanatupa kidonge kilichopimwa kwa miongo kadhaa, kisha wanakunywa kitu kisicho na lebo wala kipimo kwa sababu tu kimeitwa cha asili. Vidonge vya majani ya chai ya kijani yaliyokolezwa vimewahi kuharibu maini ya watu. Mchele mwekundu uliochachushwa, unaouzwa kama mbadala wa statini, una monakolini K, ambayo ni lovastatini yenyewe, statini mojawapo, ila hujui umemeza kiasi gani. Wauzaji hawa hawapimi ALT ya mtu yeyote, na mteja akiugua, lawama hubebeshwa statini.

Acha hiyo mitishamba leo, lakini usiitupe. Nenda nayo kliniki, daktari aione kabla hajarudia kipimo.