Azadiraktini ya mwarobaini: kosa lako liko kabla ya safu

Dada uliyeuliza jana, pole na kazi. Umesema ulikamua mbegu za mwarobaini, ukaweka gramu 20 za mafuta juu ya safu ya silika, yaani mrija uliojazwa unga wa silika wa kutenganisha vitu, ukapitisha viyeyushi, heksani kisha ethili asetati, na kila chupa uliyokinga ikatoka na mchanganyiko uleule wa manjano unaonuka kama kitunguu saumu. Wewe unatafuta azadiraktini, kiambato cha mwarobaini kinachozuia wadudu. Mimi ni fundi wa maabara hapa Nairobi, na mbegu hizi zilinitoa jasho karibu mwaka mzima, kwa hiyo acha nikueleze nilipojikwaa.

Azadiraktini na mafuta havipatani. Ni molekuli kubwa iliyojaa oksijeni, C35H44O16, na kwenye heksani haiyeyuki. Unapokamua, nyingi inabaki kwenye mashudu, yaani yale makapi uliyosema umempa jirani aweke shambani. Yaliyobaki, yarudishe leo. Yasage, yaoshe kwa heksani mara tatu au nne mpaka heksani itoke bila rangi, ndipo uloweke unga huo kwenye methanoli usiku kucha. Kinachoingia kwenye methanoli ndicho unachokitaka. Hata hapo kuna sukari na mabaki ya mafuta, kwa hiyo kabla ya safu tenganisha kwa maji na diklorometheni. Sukari itakwenda na maji, azadiraktini itabaki chini na diklorometheni. Ukikausha kiyeyushi, maji ya moto ya mashine ya kuvukizia yasizidi nyuzi 40.

Safu yenyewe sasa. Gramu 20 za mafuta ni mzigo ambao silika yako haikuweza kuubeba. Mimi hutumia silika gramu 30 hadi 50 kwa kila gramu 1 ya dondoo, yaani kile kilichobaki baada ya kukausha kiyeyushi, na dondoo lenyewe nalichanganya kwanza na silika kavu kidogo mpaka liwe unga usionata. Anza na heksani nyingi, ongeza ethili asetati polepole. Nimbini na salanini, viambato vingine vya mwarobaini, hutangulia, azadiraktini hufuata nyuma kwa sababu inaishikilia silika zaidi. Ukiharakisha kuongeza ethili asetati, zote zinatoka pamoja.

Mikhail Tswett, Mrusi aliyeanzisha kazi hii ya kutenganisha vitu kwa safu mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia unga wa chaki na majani ya mimea, na rangi zikajipanga kwenye mrija akiziona kwa macho. Sisi hatuna bahati hiyo. Azadiraktini haina rangi, na hata taa ya urujuanimno ya nanomita 254 huionyesha kwa shida, maana inafyonza mwanga karibu na nanomita 217. Kwa hiyo usiamini rangi ya manjano inayoshuka. Weka tone la kila chupa kwenye sahani nyembamba ya silika, pulizia vanilini yenye asidi ya salfuriki ndani ya chemba ya kufyonza hewa, pasha moto taratibu. Sahani yangu ya kwanza iliyofanikiwa naikumbuka mpaka leo: mstari mrefu wa mafuta ulikuwa umetoweka, na chini yakatokea madoa ya zambarau, moja moja, yenye kingo safi. Nilikaa nikiitazama mpaka ikapoa.

Jua ndilo lililonirudisha nyuma zaidi kuliko kitu kingine. Gunia langu la kwanza lilitoka Kilifi, nikazianika mbegu juu ya mabati siku nne kwa kuwa zilikuwa na unyevu. Nilipopima, azadiraktini ilikuwa karibu hakuna. Mwanga mkali, joto, asidi na hata alkali huivunja. Toa nyama ya tunda mapema, kausha kivulini penye hewa inayopita, na usipokee mbegu zenye ukungu, kwa sababu zinaweza kubeba sumukuvu. Chupa zako zifunge kwa karatasi ya aluminiamu, uziweke kwenye friji.

Usivunjike moyo kwa kazi ya wiki mbili. Azadiraktini ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1968, na umbo lake kamili halikukubalika mpaka 1985.

Jambo moja nakusihi kwa dhati. Mtu mwingine aliandika kwenye mjadala huu kwamba mafuta uliyobakiza yanafaa kumpa mtoto mwenye minyoo. La hasha. Watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini kwa mdomo wametapika, wakapata degedege, wengine wakafa. Andika kwenye chupa yake kwa kalamu nene, SUMU, na yasifike jikoni. Heksani chafu nayo isimwagwe kwenye sinki, ikusanye kwenye chupa ya taka mbali na moto.

Ukishapulizia sahani, ipige picha uitume hapa, na utaje ulichanganya heksani na ethili asetati kwa kiwango gani, nikusaidie kuchagua chupa za kuunganisha.