Jibu: Uvumbuzi uliochelewa bila sababu

Mkuu, umeuliza ni kitu gani kingeweza kuvumbuliwa karne nyingi kabla, bila kusubiri teknolojia mpya. Mimi naanza na stetoskopu, kile kidude cha daktari cha kusikilizia kifua.

Mwaka 1816, huko Paris, daktari René Laennec alikuwa na mgonjwa wa kike mwenye matatizo ya moyo. Enzi hizo daktari alilaza sikio moja kwa moja kifuani, na kwa binti yule aliona haya. Akachukua karatasi, akaziviringisha zikabana, ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Mapigo yakasikika vizuri kuliko kwa sikio tupu! Baadaye akachonga bomba la mbao. Sasa niambie, hapo kuna nini ambacho Wagiriki wa kale hawakuwa nacho? Mbao walikuwa nazo, na kusikiliza kifua kwa sikio walishajua. Hata kipande cha mwanzi kingetosha kuanzia.

Puto la hewa moto nalo lilichelewa. Ndugu wawili Wafaransa, akina Montgolfier, walilirusha 1783 kwa kitambaa, karatasi na moto tu, wakati Wachina walikuwa wakirusha taa za karatasi angani zamani sana.

Ila kuna aliyesema baiskeli nayo ilichelewa bila sababu; sikubaliani naye sana. Ile ya mwanzo, ya Mjerumani Karl Drais ya 1817, ilikuwa ya mbao, haina hata pedali, unasukuma kwa miguu. Bila barabara laini ungeishia kuibeba begani.