Je, Dark Fire inafaa kusomwa baada ya Dissolution?

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kuendelea na Dark Fire ikiwa umeipenda Dissolution ya C. J. Sansom, kwa kuwa umesikia kwamba kitabu cha pili kimepoteza ile hali ya kutisha ya monasteri. Mfululizo huu wa riwaya za upelelezi za wakili Matthew Shardlake nimeusoma kwa mpangilio wake, nami nakushauri uendelee.

Ni kweli kwamba Dissolution, iliyotoka mwaka 2003, ina nguvu ambayo haikurudi tena: ni majira ya baridi ya mwaka 1537, theluji imeizingira monasteri, na washukiwa ni watawa wachache wasio na pa kwenda. Dark Fire inahamia London ya mwaka 1540, wakati wa joto kali, na inampa Shardlake kesi mbili kwa pamoja. Msichana anayetuhumiwa kumuua binamu yake amekataa kujibu shtaka, na kwa sheria ya Uingereza ya enzi hizo mtu wa namna hiyo alilazwa chini ya mawe mazito mpaka ajibu au afe. Thomas Cromwell, waziri mkuu wa Mfalme Henry wa Nane, anamwahirishia msichana huyo adhabu kwa sharti kwamba Shardlake amtafutie siri ya Moto wa Kigiriki, silaha ya Wabizanti (watu wa Dola ya Roma ya Mashariki) ambayo namna ya kuitengeneza ilipotea karne nyingi kabla.

Kinachonifanya nikithamini kitabu hiki ni jinsi kinavyoitumia kalenda. Cromwell wa kweli alikamatwa tarehe 10 Juni 1540 na kukatwa kichwa tarehe 28 Julai, siku ileile mfalme alipomwoa Catherine Howard. Msomaji anayajua hayo, lakini wahusika hawayajui, kwa hiyo kila Shardlake anapobisha mlango kwa jina la bwana wake, unahisi kwamba jina hilo linakaribia kuwa hatari kwa anayelitaja. Fumbo la muuaji lingeweza kuwekwa katika karne yoyote. Hofu hii haiwezekani mahali pengine, na kwangu hicho ndicho kipimo cha riwaya ya upelelezi wa kihistoria.

Jambo jingine ni dhamiri ya Shardlake. Katika kitabu cha kwanza anayaamini kwa moyo wote mageuzi ya dini ya Mfalme Henry, yaliyoitenga Uingereza na Papa na kuzifunga monasteri. Katika cha pili ameshaona mali za monasteri zikiishia mikononi mwa matajiri, na imani yake imechakaa. Mwendelezo unaomrudisha mpelelezi akiwa mzima kana kwamba hakuna kilichompata huwa unanichosha mapema, na Sansom hakufanya hivyo. Hata Guy, mtawa mganga wa monasterini, anarudi akiwa na maisha mapya yenye mantiki.

Kasoro zipo. Mashahidi wengi mno wanauawa kabla ya kusema, mbio za kukimbizana zinajirudia, na kesi ya msichana, ambayo naiona kuwa moyo wa kitabu, inaachwa pembeni kwa muda mrefu. Zingepunguzwa kurasa kadhaa za Moto wa Kigiriki, kitabu kingenufaika.

Usiruke Dissolution kwa vyovyote, maana uchovu wa Shardlake hautakuwa na uzito kwako. Na kama London itakuchosha, Sovereign ya mwaka 2006 inampeleka York katika msafara wa mfalme wa mwaka 1541.