Swali la lugha: Utengano, utenganishaji na "kuchanganya shule"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha Historia sekondari, Morogoro. Katika kitini kimoja kuhusu Marekani nimekuta "uondoaji wa utengano wa rangi katika shule za umma". Mwenzangu anasema tuandike tu "kuchanganya shule", wanafunzi wataelewa upesi. Je, ni kitu kimoja? Na utengano ndio ubaguzi?

JIBU: Marahaba. Si kitu kimoja, na nianze na huyo mwenzako. Mwambie mwanafunzi wa Kitanzania kwamba shule fulani ilichanganywa, naye atawaza wavulana na wasichana katika darasa moja, maana hiyo ndiyo shule ya mchanganyiko anayoijua. Rangi haitamjia kichwani. Kuelewa upesi kutakuwepo, ila atakuwa ameelewa jambo jingine.

Ubaguzi nao ni neno pana mno. Anayemnyima mtu chumba cha kupanga kwa sababu ya rangi yake amebagua, na anayempunja mshahara amebagua vilevile. Kilichokuwepo katika shule za Marekani kilikuwa ubaguzi wa aina yake: sheria ilimwelekeza mtoto mweusi shule hii na mtoto mweupe shule ile. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy iliyohusu mabehewa ya treni huko Louisiana, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwatenganisha watu kwa rangi si kosa mradi huduma ziwe sawa. Juu ya hukumu hiyo zikasimama shule za aina mbili, na ule usawa ukaishia kwenye karatasi. Kufikia 1954, majimbo 17 yalikuwa yakiulazimisha mfumo huo kwa sheria.

Sasa, neno "utengano" la kitini chako linanikera kidogo. Limetoka kwenye kutengana, na ile -ana ya mwisho inatuambia kwamba pande zote zimeshiriki: mume na mke wametengana, ndugu wametengana. Watoto weusi wa Topeka, Kansas, hawakutengana na mtu. Walitenganishwa. Kwa hali iliyowekwa na sheria, mimi ningeandika utenganishaji wa rangi. Ni neno refu, nakiri, lakini ukilisoma tu utauliza aliyetenganisha ni nani, na katika somo la Historia hilo ndilo swali tunalolitaka.

Tarehe 17 Mei 1954, katika kesi ya Brown iliyotoka huko Topeka, majaji wote 9 chini ya Jaji Mkuu Earl Warren waliamua kwamba shule zilizotenganishwa haziwezi kamwe kuwa sawa. Lakini hukumu ilikomesha nini hasa? Wamarekani wenyewe waliligombania hilo mahakamani kwa miaka. Mwaka 1955 Jaji John Parker, aliyekuwa katika jopo la kesi ya South Carolina, moja ya kesi zilizounganishwa na ya Brown, alieleza kwamba Katiba haidai mtangamano, yaani watoto kusoma pamoja kweli, inakataza ubaguzi tu. Kwa maelezo hayo, sheria ikishafutwa kazi imekwisha, hata kama hakuna mtoto aliyevuka kwenda upande wa pili. Wapinzani wa Kusini waliyashika kwa mikono miwili. Huko Virginia, Wilaya ya Prince Edward ilipitiliza: mwaka 1959 ilifunga shule zake zote za umma, watoto weupe wakafunguliwa shule binafsi, na zile za umma hazikufunguliwa tena hadi 1964.

Tazama pia Little Rock, Arkansas, 1957. Wanafunzi 9 weusi waliingia Central High wakilindwa na askari aliowatuma Rais Eisenhower. Utenganishaji ulikuwa umevunjwa, ndiyo. Lakini watoto 9 katika shule yenye wanafunzi zaidi ya 1,000, tena chini ya bunduki, utasema shule imechanganyika?

Ni mwaka 1968, katika kesi ya Green, Mahakama ilipoacha maneno ya upole na kuziambia bodi za shule kwamba kuwapa wazazi uhuru wa kuchagua hakutoshi ikiwa shule zinabaki mbili, ya weusi na ya weupe. Mwaka 1971 iliruhusu watoto wasafirishwe kwa mabasi huko Charlotte ili weusi na weupe wasome pamoja. Kisha 1974, katika kesi ya Detroit, ikakataa mpango uvuke mpaka wa jiji na kuingia vitongojini walikohamia weupe wengi. Hapo ndipo ningekubali "utengano": sheria ya kutenganisha haipo, ila watoto wako mbalimbali kwa sababu ya wanapoishi. Ningekubali kwa shingo upande, maana makazi hayo nayo yalipangwa kwa mikono ya serikali na mabenki, kwa hiyo hata hapa -ana inawapunguzia lawama waliopanga.

Ukitaka mfano wa karibu, Tanganyika ilirithi shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na mgawanyo huo ulifutwa mwaka 1962. Kwetu utasema serikali iliunganisha mifumo ya shule. "Kuunganisha" linafaa hapo kwa sababu ilikuwa mifumo mitatu iliyofanywa mmoja.

Kwa kitini chako, basi, andika "kukomesha utenganishaji wa rangi katika shule za umma" pale unapozungumzia hukumu na sheria. Ukifika kwenye watoto kusoma na kuishi pamoja kweli, tumia "mtangamano", neno ambalo wanafunzi wamekwisha kulisikia katika habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki. "Shule za umma" liache lilivyo. Usiweke "za serikali", kwa kuwa kule shule hizi huendeshwa kwa kodi chini ya bodi za wilaya, na mara nyingi bodi hizo ndizo zilizoshtakiwa. Ila mkigeukia historia ya Uingereza muwe macho: huko shule zinazoitwa za umma ni za binafsi, tena za ada kubwa.